Watu Unaowajua Kidogo: Jinsi ya Kujenga na Kutunza Mtandao wa Kikazi

Anayetafuta kazi huwakimbilia kwanza marafiki wa karibu. Lakini hao mara nyingi wanajua yale yale unayoyajua, maana watu mnaokutana nao ni wale wale. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilionyesha hilo mwaka 1973 kwa wataalamu wa Marekani: kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 17 hivi tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi. Waliobaki walisaidiwa na watu waliokutana nao mara moja moja au kwa nadra.

Basi andika majina 30 ya watu wa namna hiyo: mliowahi kufanya kazi pamoja, mliosoma pamoja, walimu, wateja wa zamani. Kando ya kila jina weka mlipofahamiana, anachofanya sasa na mara ya mwisho mlipowasiliana. Waandikie wawili kwa wiki. Ukiwaandikia wote siku moja, ujumbe utafanana na tangazo, na majibu yatakuzidi.

Ujumbe wa kwanza ndipo wengi wanapoharibu. Usizidi sentensi tano. Mkumbushe mlikofahamiana, mweleze ulipo kikazi, kisha uliza swali moja ambalo yeye analijibu kwa uzoefu wake: "Ulipohama kutoka uhasibu kwenda ukaguzi, ni ujuzi gani ulikupungukia miezi ya mwanzo?" Omba dakika 15, taja siku mbili zinazokufaa, na umwachie mlango wa kukataa: "Kama umebanwa na kazi, nitaelewa kabisa."

Usiombe kazi hapo, wala usiambatanishe wasifu wako kabla hujaombwa. Asiye na nafasi ya kukupa huona haya kusema hana, kwa hiyo hunyamaza. Aliyeulizwa kuhusu kazi yake ana la kusema, na mara nyingi ndiye atakayekutajia nafasi iliyo wazi au mtu wa kumwona. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya siku 7 hadi 10, kisha acha.

Mkizungumza, sikiliza zaidi ya unavyosema. Kabla ya kuuliza swali linalofuata, rudia kwa maneno yako ulichoelewa. Kama umeelewa visivyo, atakusahihisha papo hapo. Dakika 15 zikitimia, sema mwenyewe kwamba muda umekwisha. Akitaka kuendelea, ataendelea. Usiondoke bila kuuliza ni nani mwingine wa kuzungumza naye, na kama anaridhia utaje jina lake.

Mshukuru ndani ya saa 24, ukitaja jambo moja mahususi alilokusaidia. Hatua inayofuata hurukwa mno, nayo ina uzito kuliko shukrani yenyewe: baada ya mwezi au miwili, mrudie umweleze ulifanya nini na ushauri wake na kilichotokea. Asiposikia lolote, siku utakayoomba tena atahisi unamjia wakati wa shida tu.

Nawe toa. Ukiona wawili wanafaa kufahamiana, muulize kila mmoja kivyake kabla ya kuwaunganisha, na mweleze kwa sentensi moja mwenzake anataka nini. Ukimpa mtu namba ya mwenzake bila idhini, unamtwisha mzigo ambao hakuuomba, na safari ijayo hatapokea simu yako.