Chai ya maua matano ya Guangzhou, jinsi ya kuipika mwenyewe gheto

Ukikaa Guangzhou miezi ya joto, neno shanghuo utalijua tu hata kama Kichina chako ni cha kuomba maji. Maana yake moto umekupanda mwilini. Umekula vya kukaanga wiki nzima, umekesha unafunga mzigo, asubuhi unaamka vidonda mdomoni, koo limekauka, chunusi hizo. Wenyeji hawasumbuki, wanapiga liangcha, yaani chai ya baridi, ila baridi yenyewe sio ya friji, wanamaanisha inapooza mwili, na wengi wanainywa ya uvuguvugu. China iliiweka kwenye orodha ya urithi wa taifa mwaka 2006 kwahiyo sio mambo ya vichochoroni tu.

Ziko za aina nyingi, na kuna moja ya mitishamba ishirini na nne ambayo ni chungu mwarobaini unasubiri. We anza na wuhuacha, ya maua matano, haina shida.

Maua yenyewe yote makavu: jinyinhua (vile vichipukizi vyembamba vya njano), juhua ambayo ni krisanthemu, huaihua ni vidogo kama punje, mumianhua ndo lile likubwa, mti wake ni ndugu wa msufi wetu, na jidanhua, "ua la yai", kwasababu nje jeupe katikati njano. Hilo la mwisho ni franjipani, lile lile la kwenye bustani za mahoteli ya pwani, ila tafadhali usiende kuchuma ukachemsha, ule utomvu mweupe wa mti una sumu, nunua lililokaushwa kwa ajili ya dawa.

Kununua mi huwa naenda soko la Qingping, la dawa za mitishamba hapa Guangzhou. Hapo bei inatajwa kwa liang, ambayo ni gramu 50, au jin ambayo ni 500, usije ukachanganya ukarudi na gunia. Na usidanganyike na ua linalong'aa sana, yapo yanayofukizwa salfa ili rangi isife. Nusa kwanza, likikupiga puani na harufu kali kama ya kiberiti, achana nalo.

Sasa kupika. Lita 2 za maji weka gramu 10 hivi za kila ua, mumian mawili matatu yanatosha. Suuza haraka kutoa vumbi, afu loweka kwenye maji hayo hayo ya baridi utakayopikia, nusu saa. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanatupia kwenye maji yanayochemka eti wawahi, ua kavu ukilishtua na moto linajifunga, linatoa rangi tu.

Chombo ni chungu cha udongo, au enameli, au stenlesi, basi. Mara ya kwanza mimi nilitumia karai la chuma la kukaangia, lilikuwa ndo chombo pekee gheto, chai ikatoka nyeusi tii kama wino afu ina ladha ya msumari. Ayi mwenye nyumba (ayi ndo tunavyowaita mama zetu wa makamo huku) alichungulia, hakusema kitu, akaimwaga sinki, akarudi na chungu chake chenye ufa pembeni umefungwa waya. Aluminiamu nayo hawaitaki kabisa.

Moto mkali mpaka ichemke, halafu punguza uwe mdogo kabisa, iwe inachezacheza tu kwa dakika 20 mpaka 25, mfuniko uache wazi kidogo maana inapenda kufurika. Chuja kwa kitambaa sio chujio la plastiki, vile vinyoya vya juhua vinakereketa koo. Makapi usitupe, yaongeze lita 1 ya maji, chemsha tena robo saa, changanya na ile ya kwanza. Rangi inatakiwa iwe kama asali nyepesi. Sukari weka ya mawe kidogo wakati bado ya moto.

Glasi moja au mbili kwa siku, baada ya kula, kwa siku mbili tatu halafu unaacha. Sio kinywaji cha kila siku na haitibu malaria wala presha, homa ikipanda nenda hospitali. Mjamzito, mtoto mdogo, mtu anayeharishaharisha au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiguse bila kumuuliza daktari, na kama chavua za maua zinakupa mafua na kuwashwa basi juhua inaweza kukuletea balaa hilo hilo. Wengine wanaongezea vipande vya gancao (mzizi mtamu wa likorisi) ili ipate utamu, mwenye presha aiache hiyo, inapandisha.

Iliyobaki ayi hairuhusu ilale mpaka kesho. Mi nikimaliza kupika namgongea mlango na bakuli lake, anaonja, akikunja uso najua nimeweka sukari nyingi.