Somo: Jua la adhuhuri, hamira, na jeraha la muda kwenye DNA

Kwa vyama vya sayansi Kisumu na majirani. Urujuanimno wa jua, mionzi isiyoonekana kwa macho, hugandanisha herufi jirani za DNA ya hamira, yaani maandishi ya urithi ndani ya seli. Seli ikirekebisha, maandishi yanabaki yale yale, ila kwa muda ukuaji na umbo lake hubadilika.

Chemsheni viazi, chukueni maji yake mtie sukari na agari (unga wa mwani unaogandisha maji), mmimine kwenye visahani. Hamira ya dukani iamke kwenye maji vuguvugu yenye sukari. Kijiko kimoja changanyeni na vijiko tisa vya maji safi, kisha mrudie na mchanganyiko unaopatikana, jumla mara tano, la sivyo mtapata utando badala ya vidoa, yaani makundi ya seli yaliyotengana. Pakeni mchanganyiko wa mwisho kwenye visahani vitatu: A, B na C.

Vitoeni saa sita mchana, kabla upepo wa ziwa haujaleta vumbi. A kifungeni kwa foili, kipate joto bila mwanga. B na C ondoeni vifuniko; jaribuni dakika kumi hadi saa moja. Kisha B kiende gizani, C dirishani ndani ya kioo. Kioo huzuia mionzi inayojeruhi lakini hupitisha mwanga wa buluu, na hamira ina kimeng'enya kinachotumia mwanga huo kufungua herufi zilizogandana. Tofauti ya B na C inaweza kuwa ndogo, kwani jua lenyewe lina buluu. Taa ya urujuanimno ya maabara huionyesha wazi zaidi, msiitazame kamwe.

Baada ya saa chache, tazameni B kwa hadubini. Tafuteni seli mama na chipukizi lililokaribia kulingana naye, wameshikana, hawaachani. Hapo ndipo jeraha linapoonekana kwa macho, nami huwaomba wanafunzi wachore.

Siku ya pili au ya tatu, pandeni upya vidoa vilivyochelewa. Vikikua kama vya A, jeraha lilikuwa la muda. Hatua hii msiiruke. Bila hiyo hamjathibitisha lolote.

Swali, Kakamega: Mwalimu, kwa nini seli isiendelee kugawanyika?
Jibu: Ingerithisha kromosomu (nyuzi za DNA) zilizovunjika. Mwaka 1988 wanasayansi Weinert na Hartwell walionyesha kuwa jeni RAD9 huisimamisha seli iliyojeruhiwa. Hamira isiyo nayo, ikipigwa eksirei, iliendelea kugawanyika ikafa.

Swali, Bondo: Vidoa vyetu vimebaki vidogo hata baada ya kupandwa upya.
Jibu: Huenda DNA ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, imeharibika, na hilo ni la kudumu. Vipandeni kwenye agari ya maji ya hamira iliyochemshwa na gliserini ya duka la dawa, bila sukari wala viazi. Hamira nzima itaota polepole, yenye mitokondria iliyoharibika itadumaa.