Ukipigwa tochi, omba picha kabla ya kubishana

Kwa wanaotoka Mwanza kwenda Magu au Misungwi: trafiki akikusimamisha kwa mwendo, omba kwa upole uone picha ya tochi, yaani kamera ya kupimia mwendo. Mara nyingi aliyepiga amejificha nyuma huko na picha imetumwa kwa simu, kwa hiyo anayekuandikia hakukuona. Angalia namba ya gari (tarakimu zilezile, herufi zilezile), saa, mwendo uliosomwa, kisha mazingira: umepigwa ndani ya kibao cha 50, au ulishapita kile cha kumaliza 50? Hapo ndipo kesi nyingi hufia au hupata nguvu. Namba ikiwa si yako, sema palepale, maana deni likishaingia kwenye mfumo linakaa kwenye namba ya gari na kulifuta ni safari nyingine.

Kibao cha 50 kikiwa hakipo, rudi ukapige picha ya barabara siku hiyohiyo. Kesho kinaweza kuwa kimesimikwa.

Kupinga maana yake ni kukataa kulipa faini na kukubali kwenda mahakamani. Faini ni 30,000. Ukikamatiwa Magu na kazi yako iko Kirumba, mjini Mwanza, piga hesabu ya nauli na siku ya kazi. Mimi napinga tu kama namba au mahali pamekosewa.

Kupinga hakusaidii kama picha ni safi na ulikuwa 64 ndani ya kibao cha 50, hata ukiwa na haraka ya msiba. Wa mabasi na malori pia: 80 ni kikomo chenu hata pasipo kibao.