Taitresheni ya soda ya kufulia: kutoka mezani hadi kwenye jibu

Wanafunzi wa kidato cha nne wanaonijia wakisema taitresheni (kupima myeyusho kwa kuudondoshea mwingine unaojulikana nguvu yake) imewashinda, wengi wao hesabu wanaijua. Ukiwaandikia namba kwenye karatasi wanapata jibu vizuri. Shida iko mkononi: namba walizozichukua mezani ni mbovu, na hesabu safi haiponyi namba mbovu.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa chombo chochote, shika jambo hili. Ndani ya flaski iliyo chini ya bureti (mrija wenye vipimo na koki, unaodondosha asidi) kuna idadi fulani ya moli za besi; moli ni kipimo cha wingi wa chembe. Kazi yako ni kuilinda idadi hiyo, isiongezeke wala isipungue, mpaka asidi iimalize yote. Sheria zote za mezani zinatoka hapo, na ukizielewa hivyo huna haja ya kuzikariri.

Tutafanya swali hili: gramu 14.3 za fuwele za soda ya kufulia, Na₂CO₃·xH₂O, zimeyeyushwa na kufikishwa ujazo wa lita moja (1 dm³). Asidi ya hidrokloriki tuliyonayo ni 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa kila lita. Tafuta x, idadi ya molekuli za maji zilizoshikana na kila Na₂CO₃. Soda hii ni ndugu wa karibu wa magadi tunayotia kwenye makande; magadi ya Ziwa Natron nayo yana kaboneti ya sodiamu, ila imechanganyika na bikaboneti.

Hatua ya 1: Suuza kila chombo kwa kitu chake

Bureti suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa asidi kidogo, umwage. Pipeti (mrija wa kuvutia ujazo kamili wa myeyusho) suuza kwa maji, kisha kwa myeyusho wa soda, umwage. Flaski suuza kwa maji peke yake.

Hapa ndipo nilipoanguka mimi nikiwa mwanafunzi. Nilisuuza flaski kwa myeyusho wa besi nikidhani naongeza usafi. Tuseme imebaki cm³ 1 tu ukutani: flaski sasa ina cm³ 26, wewe unahesabu 25. Asidi itatumika cm³ 26 badala ya 25, na x itatoka 9.4 badala ya 10. Maji hayana madhara ndani ya flaski kwa sababu hayana moli za besi wala za asidi; hata flaski ikiwa imelowa, endelea.

Bureti ni kinyume chake. Maji yakibaki mle yanaipunguza asidi nguvu, nawe utaitumia nyingi kuliko unavyostahili.

Hatua ya 2: Jaza bureti

Tumia faneli, kisha iondoe. Ukiiacha, matone yake yatadondoka katikati ya kazi na kuharibu usomaji. Fungua koki kidogo ili asidi ijaze ile ncha ya chini na kutoa kiputo cha hewa. Kiputo kikitoka baadaye, bureti itasoma kwamba umetumia asidi ambayo haijafika kwenye flaski.

Uso wa asidi hujipinda kama bakuli. Soma kitako cha mpindo, jicho likiwa usawa wake. Ukiwa mfupi, shusha stendi chini au panda kitu imara. Usisome ukiwa umeinua shingo. Si lazima uanzie 0.00. Ukianzia 0.30, andika 0.30.

Hatua ya 3: Pipeti cm³ 25 za soda

Vuta kwa kifaa cha kuvutia, si kwa mdomo. Pandisha myeyusho upite alama, kisha ushushe polepole mpaka kitako cha mpindo kigusane na alama. Achia ndani ya flaski, gusisha ncha kwenye ukuta, hesabu sekunde chache, ondoa. Tone linalobaki kwenye ncha liache lilivyo. Usilipulize, maana pipeti ilipimwa kiwandani tone hilo likiwa limebaki.

Hatua ya 4: Indiketa sahihi

Indiketa ni kitu kinachobadili rangi kazi inapoisha. Tia matone mawili au matatu ya MO (methyl orange). Myeyusho utakuwa wa njano.

Kwa nini si POP (phenolphthalein), indiketa nyingine? Kaboneti humezwa na asidi kwa awamu mbili: kwanza inageuka bikaboneti, kisha bikaboneti inageuka maji na kaboni dayoksaidi. POP hupoteza rangi yake ya waridi awamu ya kwanza inapoisha, yaani nusu ya safari. Ungesoma karibu cm³ 12.5, ungeendelea na hesabu kwa kujiamini, na x ingekuja karibu 26. MO inasubiri hadi mwisho.

Hatua ya 5: Taitreti

Weka karatasi nyeupe chini ya flaski. Mkono wa kushoto uwe kwenye koki, wa kulia uzungushe flaski muda wote. Mara ya kwanza enda haraka; hiyo ni ya kukadiria tu. Mara zinazofuata achia asidi kwa kasi mpaka zikibaki kama cm³ 2, ndipo uanze tone kwa tone. Tone moja ni kama cm³ 0.05. Matone yaliyorukia ukutani yashushe kwa maji yaliyokenekwa, kwa sababu asidi iliyoganda ukutani umeshaihesabu lakini haijafanya kazi.

Simama njano inapogeuka rangi ya chungwa na kubaki hivyo. Ikishakuwa nyekundu umepitiliza. Usirekebishe namba, mwaga, anza upya.

Hatua ya 6: Jedwali

Andika kwa desimali mbili, hata kama ni 25.00. Tuseme ya kukadiria ni 25.60, na nyingine tatu ni 25.10, 25.00 na 24.90. Wastani wa hizo tatu ni 25.00. Ya kukadiria haiingii kwenye wastani kabisa.

Hatua ya 7: Hesabu

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli za asidi: 0.1 × 25.00 ÷ 1000 = 0.0025.
Moli za kaboneti ni nusu yake: 0.00125.
Hizo zimo ndani ya cm³ 25, kwa hiyo lita moja ina 0.05.
Gramu 14.3 ÷ 0.05 = 286 kwa moli moja.
Na₂CO₃ ni 106. Inabaki 180, na kila molekuli ya maji ni 18.
x = 10.

Shule haina bureti za kutosha?

Zoeza mkono nyumbani. Chemsha rozela kavu, tumia maji yake mekundu kama indiketa. Loweka majivu ya kuni, chuja, upate besi. Limau ndiyo asidi. Bomba la sindano la cm³ 10 lisilo na sindano linatosha kuwa bureti. Tia matone ya rozela kwenye maji ya majivu, uone yakigeuka kijani, kisha dondosha limau mpaka wekundu urudi. Rudia mpaka mara tatu mfululizo zikaribiane. Maji ya majivu yanawasha, kwa hiyo yasiguse macho.

Na mezani shuleni, x ikikutokea 9 na kitu ilhali usomaji wako umekaribiana kila mara, kaulize kopo la soda lilikaa wazi kwa muda gani. Fuwele hizi hupoteza maji yake hewani na kubaki unga mweupe. Gramu zile zile 14.3 zinakuwa na kaboneti nyingi zaidi, na x inashuka bila mkono wako kukosea.