Somo: Kumwajiri msimamizi wa kaunta ya wateja, hatua kwa hatua

Wenzangu wa kundi letu la wenye maduka na ofisi, hamjambo. Wengi mmeniuliza ninavyowapata wasimamizi wa kaunta, na nimechelewa kujibu kwa sababu ya pilikapilika za kufungua shule. Leo nimekaa.

Mimi ni meneja wa ofisi ya parseli hapa Kisumu, karibu na stendi ya mabasi. Kila zamu ina makarani watano na msimamizi mmoja. Jioni tunapokea katoni za samaki za kwenda Nairobi, asubuhi tunatoa mabunda ya nguo na vipuri vya pikipiki vilivyoingia usiku. Nimeajiri wasimamizi wanne hadi sasa. Wa kwanza nilikosea, na naanza na kosa hilo.

Nilimpandisha cheo karani aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Wenzake wakiandika risiti moja, yeye ameandika tatu. Desemba ile basi likaharibika njiani, karibu na Mau Summit, likalala pale na katoni za samaki za mama mmoja, mteja wetu wa kila Jumanne na Ijumaa. Barafu ikayeyuka. Asubuhi mama akaingia, kanga kiunoni, simu mkononi, mnunuzi wake wa Nairobi bado yuko hewani akifoka. Msimamizi wangu hakumtazama mama. Alimgeukia binti aliyepokea mzigo, akamwambia mbele ya foleni nzima, "Si nilikukataza kuwaahidi watu saa?" Binti akalia. Mama akapata ushahidi kwamba kosa ni letu, na watu wa foleni wakatoa simu kurekodi. Mteja tukampoteza, na Januari binti naye akaacha kazi.

Sikumlaumu msimamizi, wala leo simlaumu. Nilimpa kazi ya kifua kwa sababu ya wepesi wa vidole. Kusimamia kaunta ni kusimama kati ya mteja mwenye hasira na karani, ule ukali ukufikie wewe kwanza. Kosa la karani mnalizungumza baadaye, nyuma, mlango umefungwa. Ukishaelewa hivyo, namna yote ya kuajiri inabadilika.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya kutafuta mtu

Chukua daftari, kaa kwenye benchi la wateja siku mbili, moja yenye watu wengi na moja tulivu. Kila karani anapokuita au kukupigia simu, andika sababu. Daftari langu lilikuwa hivi: risiti imepotea, mzigo haujafika, meseji ya M-Pesa inaonyeshwa lakini pesa hazijaingia, mzee haelewi Kiswahili wala Kiingereza, mtu amekuja kuchukua mzigo wa mwenziwe bila kitambulisho. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Maelezo ya kazi unayonakili kwenye mtandao hayatakuambia kwamba nusu ya ugomvi wako unatokana na risiti zilizolowa mvua.

Kisha amua ruhusa. Msimamizi wetu anaweza kumrudishia mteja hadi shilingi 3,000 bila kunipigia simu, mradi aandike sababu na mteja atie sahihi. Zamani nilipigiwa hata kwa shilingi 200, na mteja anasimama akisikiliza msimamizi akiomba ruhusa kama mtoto. Usipompa ruhusa, usitangaze nafasi. Ongeza tu karani.

Hatua ya pili: tangazo

Liwe fupi. Taja mshahara, saa za zamu, siku ya mapumziko, na mwisho wa kutuma maombi. Sisi tunalibandika mlangoni, tunalituma kwenye makundi ya WhatsApp, na tunawaambia makarani wetu, maana wao wanajua nani anafanya vizuri kwenye kaunta za jirani. Andika kwa herufi kubwa kwamba hakuna ada yoyote. Matapeli huchukua tangazo la watu, wakabadilisha namba ya simu, wakawala vijana wetu pesa za "usajili".

Usidai cheti cha tabia njema wakati huu. Kina ada yake, na asiye na kazi anaikopa. Tangu mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya 2022, mwajiri hatakiwi kudai vyeti vya namna hiyo mpaka awe na nia ya kumpa mtu mkataba. Na nakala za vitambulisho usiziache mezani zifungiwe maandazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata ukiwa na duka la mlango mmoja.

Kwa walioonekana wanafaa, piga simu wewe mwenyewe. Dakika tano zinatosha. Sikiliza anavyoipokea namba asiyoijua.

Hatua ya tatu: mahojiano

Nina maswali mengi lakini mawili ndiyo yanayoamua.

La kwanza: "Nisimulie siku ambayo mteja alikuwa na haki na kampuni ndiyo iliyokosea." Wapo watakaokuambia siku hiyo haijawahi kutokea. Washukuru kwa kuja.

La pili: "Nisimulie ulivyomrekebisha mfanyakazi mwenzako. Mlikuwa wapi? Nani alikuwa anasikia?" Hapa sikiliza mahali kuliko maneno. Anayesema alisubiri foleni ipungue, akamwita mwenzake kando, huyo weka alama.

Halafu mimi huwapa kisa cha yule mama wa samaki, bila kusema kilivyoisha. Wengi hukimbilia sera ya kampuni. Dada mmoja alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Huyo mama amesimama au ameketi?" Nikamwambia amesimama. Akasema, "Basi kwanza nampa kiti, na simu yake namwomba niongee mimi na mnunuzi wake." Nilikuwa na karatasi ya alama mbele yangu, nikaacha kuandika. Mnunuzi wa Nairobi ndiye aliyekuwa akimchoma mama yule, na muda wote huo mimi sikuwahi kumfikiria.

Hatua ya nne: nusu siku kwenye kaunta, kwa malipo

Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Wawili au watatu waliobaki, kila mmoja kwa siku yake, waje wasimame kaunta Ijumaa kuanzia saa tisa alasiri hadi saa moja jioni. Walipe. Jasho la mtu si la bure hata kama humchukui. Usiwape pesa za kushika wala neno la siri la kompyuta. Wasimame na karani mzoefu, wasaidie.

Wewe kaa mbali na utazame macho yao. Karani mzuri humtazama mteja aliye mbele yake. Msimamizi humtazama huyo, kisha kila baada ya muda jicho linakwenda mwisho wa foleni. Dada yule wa kiti, siku yake, alimwona mzee mwenye bakora aliyekuwa akipisha kila mtu. Alizunguka kaunta, akamsalimu kwa Kijaluo, mzee akafungua kitambaa, mkatoka kipande cha risiti ambacho maandishi yamefutika. Hakumrudisha nyumbani. Alimuuliza nani alimtumia, akampigia mtumaji pale pale, akapata tarehe, akamwonyesha karani ukurasa wa daftari la kupokelea mizigo. Dakika nne. Lilikuwa blanketi.

Jioni, mtu akishaondoka, waulize makarani mmoja mmoja, faragha: "Ungependa kuwa zamu moja naye?" Majibu yao mimi huyapa uzito sawa na yangu.

Hatua ya tano: uliza alikotoka

Cheti cha utumishi kutoka kwa mwajiri wa zamani ni haki ya mfanyakazi, lakini hicho hutaja kazi na tarehe tu. Kuhusu tabia, piga simu, kwa idhini ya mwombaji. Mimi huuliza swali moja: "Ungemwachia funguo Jumamosi jioni?" Akijibu haraka, vizuri. Akianza kukohoa, uliza zaidi, lakini kumbuka kuna mabosi wanaowasema vibaya walioondoka kwa haki. Mpe mwombaji nafasi ya kueleza.

Hatua ya sita: mkataba

Uwe wa maandishi. Muda wa majaribio usizidi miezi 6. Ukitaka kuuongeza, hadi miezi mingine 6, sharti mwenyewe akubali. Ndani ya majaribio notisi ni siku 7. Hata hapo mwite, mpe sababu, msikilize. Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi, na kila siku saba awe na moja ya kupumzika. Andika ile ruhusa ya shilingi ndani ya mkataba. Makato ya NSSF (akiba ya uzeeni), bima ya afya ya jamii na tozo ya nyumba yaanze mwezi wa kwanza, usingoje akithibitishwa.

Hatua ya saba: wiki za mwanzo

Wiki mbili azunguke kila dirisha, hata la kubeba mizigo. Kisha wewe ondoka kaunta. Mteja atasema, "Niitieni meneja!" Toka, simama kando ya msimamizi, na useme: "Alichoamua ndicho ninachoamua." Kama amekosea, mtazungumza jioni. Ukimpinga mbele ya mteja mara moja tu, kuanzia kesho makarani watamruka waje kwako.

MASWALI YA WANACHAMA

Agrovet (duka la pembejeo na dawa za mifugo), Nakuru: Mwalimu, asante kwa somo. Nina karani wa miaka tisa. Nikileta mtu wa nje atanuna, na wakulima wote wa Njoro na Molo wanamjua yeye. Nifanyeje?

Jibu: Mwambie kabla ya tangazo, asilisome mlangoni. Mwalike aombe kama wengine, apite hatua zote. Asipofaa, mueleze ulichoona, si "umri" wala "masomo". Kisha tafuta njia ya kumwongezea mshahara kwa ujuzi wake bila kumpa watu wa kusimamia. Anayejua dawa ipi inafaa ugonjwa upi wa viazi ana thamani yake pale alipo. Tatizo letu ni kwamba hatujui kumheshimu mtu ila kwa kumpa cheo.

Duka la vifaa vya ujenzi, Bungoma: Shemeji yangu amemaliza diploma na nyumbani wananisukuma. Nikikataa, matanga yajayo sitakaa kwa amani.

Jibu: Pole, ndugu yangu, nayajua hayo. Mimi huwaambia wa nyumbani tarehe ya mwisho ya maombi, na kwamba mahojiano yanafanywa na watu watatu, nami katika hayo ya jamaa yangu natoka chumbani. Akipita, ajue atapokea amri kutoka kwako kazini na hatakuita shemeji mbele ya wenzake. Kama unajua moyoni kwamba hutaweza kumwachisha kazi akikosea, usimwajiri. Matanga yataisha, lakini kaunta utaifungua kila asubuhi.

Duka la dawa, Homa Bay: Aliyefanya vizuri kuliko wote ni Msabato. Jumamosi ndiyo siku yetu ya wateja wengi.

Jibu: Mchukue. Sheria hairuhusu kumbagua mtu kwa dini yake, na huku kwetu Wasabato ni wengi, kwa hiyo ukiwaacha unajinyima watu wazuri. Mpe Jumapili, na Ijumaa aondoke kabla jua halijatua. Jumamosi msaidizi ashike. Kwanza utapata faida: utakuwa na mtu wa pili anayejifunza kazi. Yaandike kwenye mkataba ili wengine wasiseme anapendelewa.

Wakala wa pesa na vifaa vya simu, Kakamega: Pesa zikipungua jioni, naweza kumkata msimamizi?

Jibu: Polepole hapo. Sheria ya Ajira inaruhusu kukata upungufu pale tu mkataba unapotaja wazi kwamba mtu huyo amekabidhiwa kupokea na kutunza pesa, na upungufu umetokana na uzembe au kukosa uaminifu kwake. Na makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Msimamizi asilipe kosa la karani, wala karani asilipe la mwenziwe. Kabla ya kukata, hesabuni upya mkiwa wawili, na kila zamu iwe na droo yake. Watu watatu wanaochangia droo moja halafu wanakatwa sawasawa wanaonewa, na nawaomba waajiri wanaofanya hivyo waache.

Duka la nguo, Kisumu: Umlipe kiasi gani zaidi ya makarani?

Jibu: Kiasi ambacho karani akikijua hatasema "kwa hizo, heri nibaki dirishani kwangu". Waulize wenyewe, watakutajia.

Mwanachama, Busia: Yule mama wa samaki alirudi?

Jibu: Alirudi mwezi wa nne. Dada wa kiti alipoanza kazi alipekua daftari la malalamiko, akamkuta, akaenda mwenyewe kumtafuta sokoni na nauli ya katoni zile tuliyokuwa hatujamrudishia. Sasa anatuma nasi kila Jumanne. Za Ijumaa bado anazipeleka kwa wengine.