Jinsi ya kununua simu ya mtumba isiyokuja kufungwa mkononi mwako

Simu iliyokwishatumika inaweza kufungwa kwa njia tatu, na kosa la wanunuzi wengi, nami nimo, ni kuchunguza moja tu kisha kutoa pesa. Inaweza kufungiwa na mitandao ya simu kwa kuwa imeripotiwa kuibwa, inaweza kubaki imefungwa na akaunti ya mmiliki wa awali, au inaweza kufungwa na kampuni iliyoikopesha kwa mtu ambaye hajamaliza kulipa.

Anza na namba tambulishi, yaani IMEI. Bonyeza *#06# kwenye simu yenyewe na tarakimu 15 zitajitokeza; simu ya laini mbili hutoa namba mbili. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi, kama lipo, kisha uitume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma iliyozoeleka nchini Tanzania tangu kampeni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliyoishia kwa kuzimwa kwa simu bandia mwezi Juni 2016. Jibu linalorudi hutaja kampuni na toleo la simu, na wengi hulipita bila kulisoma. Ukiwa umeshika Samsung huku ujumbe ukikutajia simu ya kampuni nyingine, namba hiyo imechezewa, jambo ambalo ni kosa la jinai, nawe irudishe simu mezani bila mjadala.

Hata hivyo, namba iliyo safi leo inaweza kufungiwa kesho, kwa sababu mtu aliyeporwa jana jioni huenda bado anafuatilia ripoti ya upotevu polisi kabla hajaenda kwenye mtandao wake. Simu iliyofungiwa huwaka, hupiga picha na kushika Wi-Fi kama kawaida; inachokosa ni mtandao wa laini. Kwa hiyo video inayochezeshwa kwa Wi-Fi ya dukani haithibitishi kitu. Weka laini yako, piga, pigiwa, kisha uwashe data.

Kuhusu mkopo niliumia mwenyewe. Nilinunua simu Kariakoo kwa kijana mmoja aliyekuwa na boksi, chaja na maelezo mazuri, na IMEI ikajibu vizuri. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, kioo kiligeuka cheupe chote kikaandika kwamba malipo yamechelewa, chini yake pana namba ya kupiga, na hakuna nilichobonyeza kilichofunguka. Kijana alikuwa amelipa kianzio na marejesho machache, akaiuza, kisha akazima laini yake.

Tangu siku hiyo sitoi pesa kabla muuzaji hajaifuta simu mwenyewe, mbele yangu, kupitia mipangilio, si kwa kubana vitufe vya pembeni. Kwa njia hiyo simu yenye ulinzi itamdai namba ya siri, na iPhone itamdai nywila ya akaunti yake ili kuzima huduma ya kuitafuta simu, vitu ambavyo aliyeiokota kwenye daladala kwa kawaida hana. Ikishawaka upya, iunganishe na intaneti wakati wa kuianzisha, wala usikubali kuiruka hatua hiyo kwa kisingizio kwamba bando limekwisha, maana ni wakati huo ndipo simu huwasiliana na mtengenezaji wake na mambo yaliyofichika hutokea. Simu yenye akaunti ya mtu itadai barua pepe au nywila ya mwenyewe; simu ya mkopo, mara nyingi, itaanza kupakua programu ya mkopeshaji au itaandika kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni. Dalali atakuambia fundi wake anaitoa programu hiyo kwa elfu ishirini. Mwache amlipe yeye fundi huyo, kisha akuite.

Ukiridhika, lipa kwa pesa ya simu badala ya taslimu, kwa sababu jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri, nawe unaweza kulilinganisha na kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA. Andikeni hati fupi yenye IMEI zote, bei, tarehe, majina na saini. Dukani dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa, na bei iliyoshuka kupita kiasi inaweza kutumika kuonyesha kwamba ulijua, ilhali karatasi hiyo inaonyesha uliipata kwa nani na kwa kiasi gani. Ikitokea simu imefungiwa baadaye, ipeleke pamoja na hati kituo cha polisi kwanza, si kwa fundi wa kubadilisha namba, ambaye atakuhamisha kutoka kwenye nafasi ya aliyetapeliwa hadi kwenye nafasi ya mshtakiwa.