Jinsi ya kuonja na kupima wiski ya Skochi ya miaka 25

Watu wengi wakiona 25 kwenye chupa wanaishia hapohapo, wanajua hii lazima inaishinda ya 12. Mi niko kaunta, wiski ndo kitu napenda kufundisha kuliko vyote, na ukiletewa wiski ya zamani swali ni moja tu: pipa limeinogesha au limeimeza?

Hatua ya 1. Tafuta mbili za kiwanda kimoja uzionje pamoja. Mi natumia Glenfarclas ya 12 na ya 25, kiwanda cha Speyside kule Uskoti, zote alkoholi yake ni asilimia 43 na zote ni za mapipa yaliyowahi kukaa sheri, mvinyo wa Hispania, kwa hiyo tofauti kubwa utakayoikuta imeletwa na muda. Chupa nzima ni hela nyingi, agiza toti mojamoja. Na hiyo namba ni umri wa wiski changa kuliko zote humo ndani.

Hatua ya 2. Glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, Glencairn ndo yenyewe. Mililita 20 zinatosha. Barafu hapana, baridi inafunga harufu. Ukiwa Dar au Mombasa kaa kwenye AC, maana joto linapandisha alkoholi inachoma pua.

Hatua ya 3. Rangi iangalie ila usiiamini, sheria ya wiski ya Skochi inaruhusu kuweka karameli, rangi ya sukari iliyounguzwa.

Hatua ya 4, na hapa usiwe na haraka kabisa. Iache glasi dakika 20 hivi. Halafu ianzie kidevuni uipandishe taratibu, mdomo wazi kidogo, usizamishe pua. Kwenye ya 25 tafuta zabibu kavu, ganda la chungwa, jozi, ngozi, nta. Taja vitu unavyovijua wewe mwenyewe. Sasa ukinusa ukakuta mbao tupu kama umeingia kwa seremala, na nyuma yake hakuna tunda wala utamu wa shayiri, basi imekaa pipani kupita kiasi, haijalishi bei. Kila mwaka kama asilimia 2 inapotea hewani, wenyewe wanaita fungu la malaika, na kwa hali ya hewa ya kule nguvu yake nayo inashuka, alkoholi ikienda chini ya asilimia 40 hairuhusiwi tena kuuzwa kama wiski ya Skochi. Ndo maana nyingine za zamani zinakuwa laini mpaka zinapwaya.

Hatua ya 5. Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo tu, usilitolee alama. La pili lizungushe, hesabu mpaka 10. Sikilizia ukakasi, fizi zinakaza, ulimi unakauka, hiyo ni tanini, ule ukali unaotoka kwenye mti wa mwaloni wa pipa. Kidogo ni nzuri, inaipa uzito mdomoni. Ila kama utamu umeshaondoka hata hujameza na umebaki ukakasi peke yake, kata alama.

Hatua ya 6. Maji, tone mojamoja kwa mrija. Kwa asilimia 43 matone mawili matatu basi, ukizidisha inalegea na hairudi.

Hatua ya 7. Meza, angalia saa. Kubaki mdomoni muda mrefu pekee hakutoshi, je inabadilika? Nzuri inaanza na zabibu, inakuja jozi, inamalizia na kitu kama kahawa. Kwa zile za Islay, kisiwa cha Uskoti kinachojulikana kwa wiski zenye moshi, usishangae moshi umepungua, unafifia na umri.

Andika alama kabla hujaongea na wenzio: pua 25, mdomo 25, mwisho 25, na 25 za ulinganifu kati ya pipa na kinywaji chenyewe. Ya 12 ikishinda, iandike imeshinda.

Chupa ikibaki isimamishe gizani, ukiilaza alkoholi inakula kizibo. Ikishuka chini ya nusu hamishia kwenye chupa ndogo, hewa inaipooza, na humo ndani ya chupa haiongezeki umri hata uiweke miaka 10.